Sauti Aliyompa Wifi

Machi 4, Jumanne

Mvua imeanza jana, mimi nimeanza leo. Daftari hili kaniletea mjukuu wangu. Nilimwambia mimi na shule tulikutana mara moja tu, siku nilipopaka rangi geti lake. Akacheka, akasema, "Bibi, andika tu kama unavyosema." Haya.

Herufi nilifundishwa na mume wangu bila mwenyewe kujua kwamba ananifundisha. Ni mchora vibao. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita Fundi, hata tukiwa tumenuniana. Kazi tuligawana tangu tulipooana: yeye huchora kwa chaki mstari wa nje wa herufi, mimi nalijaza tumbo kwa brashi. Bila mstari wake sina pa kuweka rangi. Bila rangi yangu yeye ana chaki tu, na chaki huliwa na mvua. Kwa kujaza matumbo ya BUCHA na SALUNI na HAPA TUNACHAJI SIMU, nikajikuta nasoma. Ndiyo maana mwandiko wangu ni mkubwa na ukurasa unaisha upesi.

Daftari nimelifungua kwa sababu siku hizi nyumba hii ina maneno yanayopita nyuma ya mlango, na mimi si mtu wa nyuma ya mlango.

Sauti ya Fundi inakwaruza tangu mwaka uanze. Tulidhani ni mafua, tukadhani ni harufu ya thina ya kuzimulia rangi. Zahanati ikamwandikia aende hospitali kubwa. Siku ya kwenda nilikuwa juu ya ngazi na kibao cha watu, wingu limeshaning'inia. Akaenda na dada yake. Wifi alifua mashuka ya hospitali ile mpaka akastaafu, hakuna mlango asioujua.

Waliporudi nikauliza, "Wamesemaje?"

Fundi akamtazama dada yake. Dada yake akafungua zipu ya mkoba wake, jino kwa jino, akaifunga tena, akasema, "Wamekata kinyama kidogo wakakipime. Tusubiri, wifi."

Tusubiri. Yaani siku hizi mimi ni wa kusubirishwa habari za koo la mume wangu.


Machi 6, Alhamisi

Mvua. Rangi haikauki. Wifi amekuja. Wifi ameondoka. Wifi amerudi, eti kasahau mwavuli. Hakusahau.


Machi 9, Jumapili

Wamejifungia chumba cha mbele, Fundi na dada yake, mchana kweupe. Mimi niko jikoni namenya viazi. Nikaisikia sauti ya Fundi. Maneno sikuyapata, ila urefu wake niliupata: alikuwa anasimulia. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani.

Asubuhi nilimuuliza kama chai iongezwe sukari, akanijibu kwa kidevu.

Sauti aliyobaki nayo ni kama rangi iliyobaki chini ya kopo. Mchoraji mwenye akili hiyo haipaki ovyo, anaiwekea kibao kimoja. Basi kibao ni Wifi, na mimi nimewekewa kidevu. Nilimenya viazi mpaka vikawa kama gololi.

Alipotoka nikamwambia, "Wifi, humo ndani mmegundua dhahabu?"

"Dhahabu ya wapi, wifi? Tunakumbushana mambo ya utotoni."

"Na mlango mmeufunga utoto usitoroke?"

Akacheka. Yule mwanamke huwezi kumtukana. Ukimtukana anacheka kama umempa zawadi.


Machi 12, Jumatano

Leo majibu. Nilivaa kabla Fundi hajaamka, nikakaa karibu na mlango kama mzigo unaosubiri gari. Wifi alipofika na mkoba wake nikamwambia, "Leo tuko watatu."

Hospitalini kweli ana wenyewe. Wafagiaji wanamwamkia, mlinzi anamwita mama. Mimi nikawa nafuata nyuma nasoma vibao. Vingi vimechapwa na mashine, herufi baridi, hazina mkono wa mtu. Kimoja cha zamani, MAABARA, ni cha Fundi. Matumbo ya ile B niliyajaza mimi. Nilitaka nimwonyeshe, lakini yeye na dada yake walishakata kona.

Daktari ni mwanamke kijana, viatu vya chini, hana haraka. Hakuanza na ugonjwa. Alimuuliza Fundi kama anapanda ngazi mwenyewe, kama anaoga mwenyewe, nguo zimempwaya tangu lini, usiku analala, nani anampikia. Kila swali likajibiwa na mimi, au na Wifi, au na sisi wote kwa pamoja, mpaka daktari akaweka kalamu chini.

"Mama zangu, nawaomba. Namtaka mzee."

Fundi akasema kwa sauti yake ya msumeno, "Ngazi napanda. Ndiyo kazi yangu."

Ndipo akatuambia. Ni kansa. Imekaa kwenye kisanduku cha sauti, kwingine haijaonekana. Alizitaja njia moja moja, na baada ya kila moja alinyamaza tuimeze. Kuna kisu: kisanduku chote kinatolewa, mtu anapumulia kwenye tundu hapa shingoni, na sauti aliyozaliwa nayo inakwisha. Zipo namna za kujifunza kusema upya, lakini sauti haiwi ile. Kuna mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki nyingi: koo linaungua, kumeza kunakuwa kazi, sauti huenda ikabaki, ugonjwa nao huenda ukarudi. Kwa jinsi hii yake ilivyo, alisema, kisu ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kuimaliza. Na kuna kutoigusa kabisa, wakamtuliza maumivu tu.

"Uamuzi ni wako, mzee, wala si wa leo. Ila wengi hawapendi kuubeba peke yao. Ungependa nani akusaidie kufikiri?"

Mimi nilishaanza kusogeza kiti.

Kidole chake kikaenda kwa Wifi.

Kidole kile nakijua. Kucha yake ina buluu isiyotoka hata kwa thina. Maisha yangu yote kimeniambia jaza hapa, ishia pale. Leo kimenipita kama nguzo ya umeme.


Machi 13, Alhamisi

Siandiki.


Machi 15, Jumamosi

Mwanangu mkubwa ni msimamizi wa ujenzi, kuamrisha kumemkaa mdomoni. Leo ameitisha kikao cha familia. Viti kapanga yeye, baba yake kamweka katikati kama kabati linalopigwa mnada.

"Hapa hakuna mjadala," akasema. "Zege halilali. Kisu, tena wiki ijayo."

"Muulize baba yako," Wifi akasema.

"Shangazi, mambo haya ni ya kitaalamu. Baba hayaelewi."

Na baba yuko pale pale, anakwangua rangi iliyoganda kwenye kucha.

Nilijua mwanangu amekosa adabu, na ulimi ulishanifika kwenye meno. Lakini Wifi alishatangulia kusema, na mimi nimuunge mkono Wifi kwa lipi? Nikapaza sauti: "Kisu! Mimi nataka mume. Sauti nitamwazima yangu, ninayo ya kugawa."

Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Akainuka, akatoka kwenda bandani, mvua inamtwanga, hata kofia hakuchukua.

Wifi akanyanyuka amfuate. Nikamwambia, "Kaa, wifi. Huyo ni wangu kumfuata." Akakaa. Nikafika mlangoni, nikayaona matope, nikakumbuka viatu viko uani. Narudi navyo, Wifi keshapita, miguu mitupu, na goti lake bovu lile.


Machi 18, Jumanne

Vyakula vigumu havimpiti tena Fundi kooni. Nimempikia uji, nikauchuja kwa kitambaa. Wifi kaja na wake kwenye chupa. Kanywa wa Wifi. Wangu kaashiria bado wa moto. Nikasubiri. Kaashiria umepoa.

Nimeunywa mwenyewe. Ulikuwa uji mzuri.


Machi 21, Ijumaa

Nimekwenda hospitali peke yangu. Nyumbani niliaga nakwenda kununua brashi.

Nilipotea mara mbili humo ndani, lakini nilifika. Nikamwambia daktari, "Mume wangu ameamua. Kisu."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja tangu hujazaliwa."

Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi. Akasema, "Sawa, mama. Nitamwekea nafasi Aprili saba. Lakini siku hiyo, kabla ya jambo lolote, lazima nilisikie kinywani mwake."

Nimerudi, nimewakuta wote wawili sebuleni. Nikasema, "Daktari amepanga. Aprili saba, kisu."

Kila neno hapo ni la kweli. Nilikata tu kipande cha mwisho, kama mtu anavyokata ubao uliozidi kidogo apate kibao.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kwa daktari habishi; mtu wa koti jeupe kwake ni kama serikali. Wifi akafungua zipu, akafunga. Mimi moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, habari ya koo lile ilitoka kwangu kwenda kwake.


Machi 24, Jumatatu

Ngoma imekwisha haraka. Jana wameingia tena chumba cha mbele. Safari hii sikusikia kicheko. Nilisikia mtu analia, na Wifi hana kilio kizito kile.

Miaka yote hii hajalia mbele yangu. Hata machozi anayapeleka kwake.


Machi 27, Alhamisi

Mvua haina adabu. Bandani Fundi anachora kutwa. Kila ubao uliokuwa umeegeshwa ukutani ameuchora: DUKA, MGAHAWA, FUNDI VIATU, KARIBUNI, maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Mistari ya chaki, imekaa kimya, matumbo matupu.

"Vibao vya nani hivi, Fundi?"

"Vya baadaye."

Anachora kama mtu anayefungasha. Sikuvigusa. Desturi yetu ni kwamba akimaliza mstari, mimi nashika brashi. Leo mkono ulikataa. Nimekaa nayatazama matumbo yale nikakumbuka nilichofanya kwa daktari. Katika maisha yangu sijawahi kujaza herufi ambayo yeye hajaichora. Ile ya hospitali nimeijaza.


Machi 30, Jumapili

Leo nimemvaa Wifi. Tulikuwa wawili uani, chini ya bati, mvua inapiga kelele kiasi cha mtu kusema la moyoni asisikike na jirani.

"Wifi, nirudishie mume wangu."

"Nina miaka sabini na goti moja," akasema. "Mume wa mtu nitamkimbiza naye mpaka wapi?"

"Usinichekeshe. Kila neno linalodondoka kwenye lile koo unalikinga wewe. Mimi naambulia videvu. Mnaongea nini?"

Akafungua zipu ya mkoba. Safari hii hakuifunga.

"Aliniomba nisiseme. Lakini utatumaliza wote kwa macho hayo. Kaa chini." Nikakaa juu ya kopo la rangi. "Anasema, sitaki kukatwa. Basi. Kila siku ni hilo. Analisema hivi, analigeuza analisema vile. Anajizoeza."

"Anajizoeza nini?"

"Kukwambia wewe. Hebu niambie, tangu akuoe, umeshaisikia 'sitaki' ya ndugu yangu?"

Nikatafuta. Nikarudi nyuma mpaka kwenye nyumba ya kwanza, mpaka kwenye mbuzi niliyelazimisha tumnunue na akala mapazia yetu. Kila mahali nilikuta "haya". Haya bibie. Haya, kama unaona hivyo.

"Aliniambia, dada, nikimwambia mke wangu nataka mionzi, hatagomba. Angegomba ningejua la kufanya. Atanitazama. Na mimi akinitazama vile nitasema haya, nitakwenda kukatwa. Niache kwanza nijue ninachotaka, kabla hajanitazama. Ndiyo maana mlango unafungwa, wifi. Mimi ananiambia sitaki kutwa nzima na hakuna kinachovunjika. Dada ni dada. Asiyeweza kumkatalia ni wewe."

Nilishika tama. Wanaonijua wangeita watu waje kuona.

"Na sasa daktari naye kapanga bila kumuuliza," akasema. "Nilimwona ana akili yule binti."

"Si daktari," nikasema. "Ni mimi."

Mvua ikaendelea na kelele zake. Wifi akajiinua kwa kushika nguzo.

"Utamwambia mwenyewe. Huo mzigo sikubebei." Akapiga hatua, akageuka. "Na hilo la wivu. Wako umezaliwa mwezi huu. Mimi nilimlea yule, nilimwogesha, nilimkimbiza na bakuli la uji mtaa mzima. Siku ulipoingia wewe akaacha kuniona, mpaka koo lilipomkaba ndipo akakumbuka ana dada. Wivu wangu mimi una wajukuu. Usinifundishe."

Na mwavuli akauacha. Safari hii nadhani aliusahau kweli.


Aprili 1, Jumanne

Nilikwenda bandani asubuhi, nikachukua brashi na kopo la nyekundu, nikasimama mbele ya ule ubao wa KARIBUNI. Fundi alikuwa kwenye kigoda nyuma yangu, anachonga chaki. Nikaanza kuijaza K. Nikampa mgongo. Wanasema kumpa mtu mgongo ni kumtupa. Leo nilimpa ili asinione macho.

"Fundi, daktari hakupanga kisu. Nilikwenda nikamwambia umekubali. Alisema atakuuliza mwenyewe, mimi hilo nikalimeza."

Kisu cha kuchongea chaki kikasimama.

"Sasa nakuuliza mimi," nikasema, "na sigeuki. Unataka nini?"

A nikaijaza yote. Nikafika kwenye R. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kuizuia. Nilikuwa najua, nikigeuka tu, nikimtazama, mume nitampata na tundu lake shingoni, na atasema haya, na nitazeeka naye. Nilikuwa namtaka mume huyo. Mungu anajua nilivyomtaka.

"Nataka mionzi," akasema. Sauti kama msumeno kwenye bati, lakini neno limenyooka. Kweli alilifanyia mazoezi. "Ikishindwa, basi. Kisu sitaki."

"Na ukiondoka mapema?"

"Nitaondoka naongea."

"Unaongea na nani? Na dada yako?"

Akacheka, kile cha puani. Kilikuwa changu, nilikisikia kinanigusa kisogoni.

"Bibie, tangu nikuoe sijakushinda ugomvi hata mmoja. Wakinikata, nitakushinda lini?"

Nilicheka, na machozi yakaja nyuma ya kicheko, na brashi ikaruka. Rangi ikapita mstari wa I.

"Umetoka nje," akasema.

"Sijatoka."

"Haya," akasema. Halafu akasema, "Hapana. Umetoka."

Nikachukua kitambaa, nikakitia thina, nikafuta.


Aprili 3, Alhamisi

Nilipita kwa Wifi nikamrudishia mwavuli wake. Hatukusema mengi. Uji wake anatia maziwa mwishoni, baada ya kuuepua. Nimeona.


Aprili 7, Jumatatu

Tulikwenda wanne, mwanangu mkubwa naye, na uso wake wa saiti. Daktari akavuta kiti chake karibu na Fundi, goti kwa goti.

"Mzee, nimeambiwa umeamua. Nataka nikusikie."

Fundi akafungua kinywa. Kisha akanigeukia mimi.

Wote wakanigeukia. Wifi kashika zipu. Mwanangu ananionyesha kwa nyusi, sema mama, sema. Kulikuwa na haja gani ya kusema? Kumtazama tu kulitosha. Sikuwahi kuwa na nguvu kama ile mkononi, na sikuwahi kuitaka kama nilivyoitaka pale.

Niliinamisha macho. Sakafu ina vigae vya kijivu, kimoja kimepasuka pembeni. Nilikitazama kigae kile kama ningekuja kuulizwa habari zake.

"Mionzi," akasema mume wangu. "Kisu sitaki. Wasinilazimishe hawa."

Daktari hakumkatiza wala hakumpamba. Alimrudia tena yale yote: kwamba nafasi ni ndogo kuliko ya kisu, kwamba ugonjwa ukirudi watakaa tena waulizane, kwamba anaweza kubadili mawazo hata katikati. Alimwomba aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Fundi akaeleza. Alieleza vizuri kuliko ambavyo mwanangu angeeleza.

"Na wakati wa matibabu, nikitaka kuzungumza na mtu wa nyumbani, nimwite nani?" daktari akauliza.

Nilibaki na kigae changu. Nilisikia kiti kinalia, nikajua ananyosha mkono. Sikuinua macho kuona anamwonyesha nani. Jioni nimemuuliza Wifi. Kasema, "Muulize mwenyewe." Sitamuuliza. Nitakufa na kiu hii.


Aprili 8, Jumanne

Mwanangu amekuja kufoka. "Mama, umemwachia baba ajichagulie kifo."

"Amejichagulia tiba. Siku ile ulipanga viti ukasahau kwamba kimoja kina mtu."

"Na akifa?"

"Utamzika ukiwa umesikia anachotaka. Kunywa chai."

Alikunywa. Alilia ndani ya kikombe. Nikamshika kichwa kama zamani. Ukubwa wote ule, kichwa bado ni kile kile.


Aprili 28, Jumatatu

Mionzi. Tunapeana zamu, Wifi na mimi. Zamu yake anarudi naye wanacheka. Zamu yangu analala kwenye gari begani kwangu. Sijui nani kapata zaidi. Nimefikiria sana.


Mei 19, Jumatatu

Shingo imekuwa nyeusi, imebanduka kama rangi iliyopakwa juu ya unyevu. Uji wangu wa maziwa ya mwisho unapita, wa Wifi pia unapita, kidogo kidogo kwa kijiko. Sauti imetoweka. Muuguzi anasema huwa hivyo, aipumzishe. Asubuhi nilimwona ananitazama, nikajua anataka nimwambie aendelee au aache. Nikafunga macho yangu, nikamwambia, "Sema kwa kidole." Akanichorea kwenye kiganja: herufi ya kwanza E, na sikungoja zilizobaki.

Endelea.


Juni 11, Jumatano

Mvua imekata. Mionzi imekwisha. Daktari atamwangalia koo mwezi ujao, kabla ya hapo hana la kutuahidi, na tunampenda kwa hilo. Fundi amekaa juani bandani, shingo imefungwa kitambaa laini. Hajatoa neno tangu mwezi uliopita. Muuguzi kasema litakuja lenyewe, msilivute.

Hatulivuti. Tunalisubiri tu, Wifi kwenye kigoda cha kulia, mimi juu ya kopo la kushoto, kila mtu na kazi ya mikono ya kujisingizia. Yeye anachambua maharage ambayo alishayachambua. Mimi najaza FUNDI VIATU polepole, isije ikaisha. Tunajua wote tunachongojea. Neno la kwanza. Litakwenda kwa nani.

Saa za mchana akaingia mteja, mwenye duka la simu. Amevaa miwani ya jua, hakuivua. Akasema anataka kibao, lakini herufi ziwe kama za mashine, zilizonyooka zote, zisionekane zimechorwa na mtu.

Fundi akamtazama. Akaweka chaki chini. Akasafisha koo, Wifi akaacha kupumua, mimi brashi ikanisimama hewani.

"Sitaki," akasema.

Sauti kavu, imekwaruza, lakini ni yake, ile ile aliyozaliwa nayo. Mteja akashtuka, akavua miwani, akasema basi mzee, chora unavyoona.

Tulibaki tunatazamana, mimi na Wifi. Miezi yote tumeigombania sauti ile, tumeilinda, tumeipikia uji, na mwenyewe kaitoa koponi akampaka muuza simu.

"Wifi," nikasema, "umeona?"

"Nimeona, wifi. Mtu baki!"

Kigoda chake kilikuwa kimeingiwa na jua. Nikavuta kopo langu upande, nikamwambia asogee kivulini, akae karibu yangu.